Ufunguo wa Banda la Mbwa Uko kwa Nani?

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa, wakazi wa mabondeni jijini Dar es Salaam hawahitaji kufundishwa la kufanya. Vyeti vya watoto vinaingia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za kiwanja. Godoro linapandishwa juu ya kabati. Televisheni inapelekwa kwa jirani mwenye ghorofa, mtungi wa gesi unafungwa, na watoto wadogo wanapelekwa kwa shangazi yao Kimara au Mbezi. Yote hayo hufanyika kwa saa mbili tatu, kwa sababu watu wa Kigogo, Mkwajuni, Jangwani na Tandale wameyafanya masika baada ya masika.

Uani yuko mbwa. Yumo kwenye banda la mbao lenye mlango wa wavu na kufuli, maana mchana hafunguliwi. Au amefungwa mnyororo kwenye mwembe. Chini ya kochi yuko paka, ambaye amekwisha kusikia ngurumo na hataki kutoka. Katika shughuli yote ile ya kufunga na kupandisha vitu, hao wawili hakuna aliyewapangia chochote. Maji yakishaingia uani ndipo mtu anapokumbuka kuuliza: ufunguo wa banda uko kwa nani?

Ninaandika makala hii kuwaomba wenye mbwa na paka walijibu swali hilo leo, jua likiwa linawaka. Na baada ya kulijibu, waandae begi moja dogo la dharura kwa ajili ya wanyama wao, lining'inie mahali pake, lijulikane na kila mtu ndani ya nyumba. Ni jambo linalogharimu fedha kidogo sana. Linachodai ni uamuzi unaofanywa mapema.

Mnyama wa porini akihisi maji yanapanda hukimbilia mlimani. Mbwa wa uani hawezi, kwa sababu tumemfungia. Tumemfungia kwa faida yetu: abweke usiku, mwizi aogope, sisi tulale. Tulipoweka kufuli kwenye lile banda tulichukua dhima ya kulifungua. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha aende akajitafutie. Wanaijua pia ile ya mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake amnyweshe mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Katika ile ya kwanza hatuambiwi kwamba yule mwanamke alimpiga paka. Alimfungia tu, akaendelea na mambo yake.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Kuna wenye nyumba ambao, maji yakija, huwaacha mbwa makusudi. Familia inaondoka, geti linafungwa kwa nje, mbwa anabaki kulinda makochi na friji ndani ya nyumba inayojaa maji. Wengine hawapo kabisa: nyumba iko Dar es Salaam, wao wako Dodoma au ughaibuni, na kwenye kiwanja amebaki mlinzi mmoja ambaye hakuachiwa ufunguo wala ruhusa ya kumtoa mbwa. Huo si ulinzi. Mbwa aliyefungwa mnyororo wa futi sita hawezi kuogelea zaidi ya futi sita, na mwizi wa wakati wa mafuriko anakuja na mtumbwi.

Najua jibu linalonijia haraka: watu wanakufa, wewe unazungumzia mbwa? Ni swali la haki na linastahili jibu kamili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 hapa jijini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Siku kama ile, boti ya uokoaji ni ya bibi, ya mama mjamzito, ya mtoto. Sitamwomba askari wa Zimamoto na Uokoaji amwache mtu juu ya paa ili achukue paka wangu. Na hiyo ndiyo hoja yenyewe. Mwenye mnyama asiyejiandaa huwa wa mwisho kutoka. Anazunguka uani akitafuta kamba, anamvuta paka mguu chini ya kitanda, anakwaruzwa, anaghairi, anatoka, kisha yuko barabarani tayari na mtoto analia, naye anageuka kurudi. Maji yaliyokuwa ya magoti yamekuwa ya kiuno. Sasa mwokoaji ana mtu mmoja zaidi wa kumwokoa. Aliyejiandaa hutoka tangazo linapotolewa, na mbwa wake mkononi, wala hamdai mtu yeyote nafasi kwenye boti.

Wenzetu walijifunza hili kwa machungu. Kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans mwezi Agosti 2005, wapo watu waliokataa kuondoka nyumbani kwa sababu hawakuruhusiwa kuondoka na wanyama wao. Mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria inayozitaka serikali za majimbo na za miji, zikitaka fedha za maafa za serikali kuu, ziwe na mpango wa kuwahamisha watu pamoja na wanyama wao wa nyumbani. Japani nako, mwezi Machi 2011, watu walioamriwa kuondoka ndani ya kilomita 20 kutoka kwenye mtambo wa nyuklia wa Fukushima uliopata ajali walidhani watarudi baada ya siku chache. Wengi waliwaacha mbwa na paka nyumbani. Hawakurudi baada ya siku hizo. Mwaka 2013 Wizara ya Mazingira ya nchi hiyo ikatoa mwongozo unaomtaka mfugaji ahame na mnyama wake tangu mwanzo. Katika nchi zote mbili jambo hili liliandikwa na serikali, kama suala la kuokoa maisha ya watu.

Sisi tuna maafa yetu ya kutosha ya kujifunzia. Mwezi Aprili 2024 maji yalifunika vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mwezi huohuo mto Mathare ulivunja kingo zake Nairobi, na usiku wa kuamkia tarehe 29 mafuriko ya ghafla yakaikumba Mai Mahiu, hukohuko Kenya. Siku chache baadaye, Mei, Kimbunga Hidaya kikatua Mafia. Hidaya kilitangazwa kabla hakijafika. Palikuwa na muda wa kufunga mizigo. Hanang haikupata bahati hiyo. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo kutoka mlimani yaliingia Katesh na vijiji jirani, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Kwa msiba wa namna ya Hanang hakuna begi utakaloanza kulifunga saa ile. Lazima liwe limefungwa tangu juzi.

Basi tulifunge. La kwangu ni begi la shule lililoachwa na mtoto aliyemaliza darasa la saba. Linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, juu kuliko mstari wa maji ulioachwa ukutani na mafuriko yaliyopita. Kwenye zipu yake nimefunga kwa waya ufunguo wa pili wa banda. Ufunguo huo haukai kwenye droo, wala kwenye pochi ya mama, wala kwenye shada la funguo za baba aliyeko kazini Posta. Kama huna kufuli, basi hakikisha komeo la banda linafunguka kwa mkono mmoja, maana mkono mwingine siku hiyo utakuwa umeshika tochi au mtoto. Kama mbwa ni wa mnyororo, mwisho wa mnyororo uwe na ndoana ya kufungua kwa kidole. Nimeona minyororo iliyokazwa kwa waya wa ujenzi ambayo bila koleo haifunguki hata mchana kweupe.

Baada ya ufunguo, kamba. Kila mbwa awe na mkanda wake wa shingoni na kamba yake, mita mbili ya manila inatosha, imara kuliko unavyodhani unahitaji. Mbwa mpole wa miaka yote, akisikia mabati yanang'oka, atavuta kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona. Na mkanda uwe na namba ya simu. Si lazima kibati cha kuchonga. Kalamu ya wino usiofutika juu ya mkanda wa turubai inasomeka miezi mingi. Andika namba mbili, yako na ya ndugu anayeishi mkoa mwingine, kwa sababu mafuriko yakija simu yako inaweza kuwa imelowa au imezimika, ya ndugu yako wa Moshi iko hewani. Jina la mbwa peke yake halisaidii. Mtaa mmoja unaweza kuwa na kina Simba kumi.

Chakula ndicho kinachowasumbua watu wengi, na sababu ni kwamba mbwa wetu hawali chakula cha pakti. Wanakula ugali wa dona uliochanganywa na dagaa, vichwa vya samaki au utumbo. Ugali haukai, na kwenye darasa la shule mlilokimbilia, ambamo familia sita zimelala, hakuna atakayekupa jiko umpikie mbwa. Mwenye uwezo anunue chakula kikavu cha pakti cha kutosha wiki moja. Asiye nacho aweke dagaa wakavu wasio na chumvi, pamoja na mikate iliyokaushwa, kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana, sisimizi na mende wasiingie. Chumvi inaleta kiu, na maji ndiyo yatakayokuwa haba. Lakini chakula chochote kigeni mnyama akikutana nacho kwa mara ya kwanza siku ya msukosuko, ataharisha. Mzoeshe. Changanya kidogo kidogo kwenye chakula chake cha kawaida kwa wiki moja, uone kama tumbo linakubali. Kisha badilisha akiba hiyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Ile ya zamani mpe ale, hakuna kinachopotea.

Maji ni hesabu nyepesi. Mbwa anahitaji kati ya mililita 50 na 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo mbwa wa kilo 20 anamaliza lita moja na ushei, na kwa joto letu weka lita mbili. Paka wa kilo nne hafiki robo lita. Dumu la lita kumi linawatosha wote wawili siku tatu na kubaki. Wapo watakaosema mafuriko ni maji tele, mbwa atajinywea. Hayo maji yamepita vyooni, yamepita kwenye madampo, yamebeba mikojo ya panya. Nitayarudia baadaye, kwa sababu hayamhusu mbwa peke yake.

Bakuli moja jepesi la plastiki, taulo kuukuu, gazeti au mchanga kidogo kwa ajili ya paka kujisaidia, mifuko ya kuzolea kinyesi. Haya hayahitaji maelezo, isipokuwa hiyo mifuko: ndiyo itakayoamua kama majirani wa kambini watakuvumilia au watakufukuza. Izidishe.

Kwenye dawa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mapenzi yanapoua. Weka bandeji, pamba, mkasi, iodini ya kusafishia kidonda, na dawa yoyote ambayo daktari wa mifugo amemwandikia mnyama wako, ya siku zisizopungua saba. Usiweke Panadol. Paka hana uwezo wa kuivunja dawa hiyo mwilini kama mtu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua: damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi, uso unavimba. Diklofenaki nayo, ile tunayomeza mgongo ukiuma, humharibu mbwa tumbo na figo. Na dawa za viroboto za mbwa zenye pemethrini zisimguse paka hata tone. Watu hutoa dawa hizi kwa huruma, wakiona mnyama anaumia na zahanati ya wanyama iko mbali. Zungumza na bwana mifugo wa kata yako mapema, akuambie kipi uweke na kwa kipimo gani, kisha uandike maelezo hayo kwenye karatasi.

Karatasi hiyo ndiyo kiini cha begi kwa maoni yangu, kuliko hata chakula. Kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri weka kadi ya chanjo, picha ya mnyama akiwa pamoja nawe, iliyosafishwa studio kwa sababu simu huishiwa chaji, na ukurasa mmoja wa maelezo. Anaitwa nani. Anakula nini. Anatumia dawa gani. Anamwogopa nani. Kama hang'ati mtu ila akiguswa masikio, andika hivyohivyo. Weka na namba ya daktari. Picha itakusaidia mbwa akipotea, na itakusaidia zaidi akipatikana, pale mtu mwingine atakaposema ni wake.

Kisha waonyeshe wanaohusika. Hapa mijini mbwa wengi hawamtii baba mwenye nyumba. Wanamtii anayewalisha, na anayewalisha ni dada wa kazi au mlinzi. Saa nane mchana, mvua inaposhuka na barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani, baba na mama wako upande wa pili wa mto, nyumbani yuko dada na watoto. Huyo ndiye anayepaswa kujua begi liko wapi, na huyo ndiye anayepaswa kuwa ameambiwa kwa kauli ya wazi: ukiona maji yamefika ngazi ya kwanza, fungua banda, ondoka na mbwa, usisubiri kunipigia simu. Bila kauli hiyo atasubiri, kwa sababu anaogopa kulaumiwa mbwa akipotea. Msimweke binti wa watu kwenye mtihani huo.

Paka ana utaratibu wake. Mbwa akiogopa humkimbilia mtu. Paka hujificha, na akishajificha ndani ya dari au nyuma ya kabati hakuna jina utakalomwita akatoka. Kwa hiyo kazi ya paka hufanywa wiki nyingi kabla. Nunua tenga dogo kwenye soko la kuku, lile la fito lenye kifuniko. Liweke sebuleni, wazi, ndani yake utandike kanga kuukuu uliyoivaa, ambayo haijafuliwa. Usimwingize kwa nguvu. Weka dagaa wawili watatu mlangoni mwa tenga, kesho yake ndani kidogo, keshokutwa mwisho kabisa. Siku moja utamkuta amelala humo mwenyewe. Hapo anza kufunga kifuniko kwa dakika moja akiwa anakula, kisha dakika tano, kisha umnyanyue na tenga lake mzunguke uani. Siku ya tangazo la mvua, mlishe humo, funga kifuniko kwa kamba, funika tenga kwa kitenge. Akiwa gizani hutulia. Wasio na tenga wanaweza kutumia foronya ya pamba, ambayo inapitisha hewa. Mfuko wa salfeti ulioshonwa mdomo, ndani ya daladala mchana wa jua, ni kifo.

Liko jambo jingine ambalo kila mwenye mbwa anapaswa kulijua kwa mikono yake, na ni kumfunga mdomo. Mbwa aliyeumia humng'ata hata anayempenda. Chukua bandeji pana au kipande cha kanga kilichochanwa kwa urefu. Tengeneza kitanzi, kipitishe kwenye pua na mdomo, fundo likae juu. Kaza, lakini si kwa kukata ngozi. Rudisha ncha zote mbili chini ya kidevu, uzipishane, kisha uzipeleke nyuma ya masikio na kufunga huko kwa fundo la kufunguka upesi. Ukisahau kufunga nyuma ya masikio, atakivua kwa kucha mara moja. Mbwa anayetapika au anayehema kwa shida asifungwe kabisa, na yeyote anayefungwa asiachwe hivyo muda mrefu, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Fanya zoezi hili nyumbani jioni moja akiwa mzima na ametulia, umpe kipande cha nyama ukimaliza.

Ikishindikana kabisa kuondoka naye, usimwache amefungwa. Vua mnyororo, fungua banda, fungua na geti. Acha chakula na maji mahali pa juu anapoweza kupanda, kwenye ngazi au juu ya meza ya zege. Andika kwa chaki au rangi kwenye geti kwamba ndani kuna mbwa, na idadi yao, ili waokoaji wasishtukizwe. Ni njia ya mwisho kabisa. Lakini mbwa aliye huru anajua kuogelea, na anaweza kufika kwenye kichuguu au paa.

Unakwenda naye wapi sasa? Hapo ndipo mpango wa nyumba moja unapofika mwisho na wa mtaa unapoanza. Kimbilio letu ni shule ya msingi, kanisa, uwanja wa msikiti, ofisi ya kata. Humo wamo waumini ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua kwamba chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyepoteza kila kitu, ana ndoo moja ya maji kwa siku, hawezi kuambiwa aoshe kikombe mara saba kwa sababu ya mbwa wangu. Wamo watoto, wamo wanaoogopa mbwa, wamo wenye pumu. Haki yao ni kubwa, na kuitunza ni rahisi iwapo imefikiriwa mapema: wanyama wawe na eneo lao, mbali na jiko na mahali pa kuswalia, lenye kivuli na mwinuko. Nyuma ya madarasa, chini ya miti, kila mbwa na kigingi chake, umbali wa kutofikiana. Mwenye mbwa ndiye anayelala karibu naye, ndiye anayezoa kinyesi. Paka wabaki kwenye matenga yao. Nyumba ya ndugu bado ni bora kuliko kambi, kwa hiyo piga simu sasa umuulize shemeji yako wa Goba kama atakupokea na mbwa. Akikataa, umejua mapema, na unatafuta mwingine.

Nilisema nitayarudia yale maji. Mwezi Julai 2022, mkoani Lindi, ulizuka ugonjwa uliowatia watu hofu: homa, kutoka damu puani, uchovu mkubwa. Wagonjwa 20, watatu wakafariki. Vipimo vilionyesha ni leptospirosisi, ambayo Wizara ya Afya iliutangazia umma kwa jina la homa ya mgunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye figo za panya, mbwa na mifugo, hutoka kwa mkojo, huishi ndani ya maji na udongo wenye unyevu, kisha humwingia mtu kupitia mchubuko, macho au kinywa. Mafuriko huvisambaza kila mahali. Mbwa aliyeachwa akazurura wiki mbili akinywa madimbwi, kisha akarudi kulala barazani na watoto, anaweza kuwa ameuleta nyumbani. Chanjo ya mbwa dhidi ya ugonjwa huu ipo. Muulize daktari wako kama anayo.

Kichaa cha mbwa ni kikubwa zaidi. Kinakadiriwa kuua watu wapatao 1,500 kila mwaka Tanzania, na duniani karibu wanne katika kila kumi wanaofariki ni watoto wa chini ya miaka 15. Maafa huwachanganya mbwa wa mitaa mbalimbali, wenye njaa, wenye hofu, wengine hawajawahi kuchanjwa. Ndiyo maana kadi ya chanjo isiyopitwa na tarehe ndiyo tiketi ya mbwa wako kuingia kambini, na mimi ningekuwa msimamizi wa kambi nisingempokea mbwa asiye nayo bila kumtenga. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa ameapa kwamba mbwa wake ni mzima.

Serikali imeweka sheria mbili ambazo zingeweza kukutana hapa: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Ninaomba mambo matatu, yote madogo. Kwanza, tahadhari ya mvua inaposomwa redioni, pamoja na kutuambia tusivuke madaraja yaliyofurika, iongezwe sentensi moja: wafungueni wanyama, ondokeni nao mapema. Pili, kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kata za mabondeni ifanyike Februari, kabla ya masika kuanza Machi, na siku hiyohiyo kila mwenye mbwa aandikwe namba yake ya simu na idadi ya wanyama wake kwenye daftari la mtaa, ili mwenyekiti ajue atapokea mbwa wangapi shuleni, ishirini au mia moja. Tatu, kamati za maafa za kata zimwingize bwana mifugo kwenye vikao vyao. Ndiye anayejua nani ana mbwa mkali, nani ana ng'ombe wa maziwa uani, nani ana mbuzi kumi bondeni, na kwenye mkutano wa maandalizi ya masika anaweza kusimama na kuonyesha wapi pale shuleni vigingi vitachimbiwa na nani atakuja na kamba.